Meko ya Upande wa Bi Ogden

Yaliyompata binamu yangu Thelma yalimpata mchana kweupe, Jumatatu, siku yetu ya kufua, mji mzima wa Burnley, Uingereza, ukinuka sabuni.

Nyumba zetu zimeungana safu nzima, ukuta mmoja kwa majirani wawili, meko yamepeana migongo. Ukipatwa na shida, unachukua chuma cha kuchochea moto, unagonga nyuma ya meko mara tatu. Jirani anakuja, hata kama mmenuniana. Thelma alizoea kumgongea jirani yake, Bi Ogden, tangu utotoni, mpaka bibi huyo alipofariki na nyumba yake iliyopinda ikabomolewa. Ng'ambo ya ukuta pakabaki uwanja mtupu.

Siku hiyo Thelma aliteleza jikoni, mguu ukavunjika. Ghorofani, mwanawe Clive akaanza kukohoa, kisha kukoroma kama anayenyongwa. Thelma alijikokota hadi kwenye ngazi, akashindwa kupanda. Akarudi mekoni, akashika chuma, akagonga. Mkono ulishazoea, kichwa hakikuwahi kuukataza.

Akajibiwa kwa kugongwa kutoka ng'ambo.

Hatua zikapita juu. Polepole. Kitanda cha mtoto kikalia. Kikohozi kikakatika.

Nilimkuta sakafuni, analia bila sauti.

"Dada, nenda juu. Kimya kimya."

"Kuna nani?"

"Nenda tu, jamani!"

Clive alikuwa amelala, anapumua vizuri, kifua kimepakwa mafuta ya bata bukini, dawa ya kikohozi ya vikongwe wa kwetu. Nepi yake ilikuwa imebadilishwa. Ile chafu sikuiona popote.

Niliiona nilipotoka nje kutafuta msaada. Juu kwenye ukuta uliobaki wazi bado kuna meko ya chumba cha ghorofani cha Bi Ogden, hewani, hayana sakafu wala ngazi. Moto ulikuwa unawaka humo. Nepi imeanikwa mbele yake, inatoa mvuke.

Nikawahamishia kwangu, mtaa wa pili. Meko yangu yamezibwa kwa matofali tangu zamani, nikajipa moyo.

Jumatatu iliyofuata, matofali yakagongwa. Mara tatu. Thelma akainuka na gongo lake, akatafuta koti.

"Kaa chini, wewe! Una wazimu?"

"Alinijia nilipomwita," alinong'ona. "Nitamkataliaje?"

Kila Jumatatu nilimshika mkono mpaka kugonga kulipotulia. Mguu ulipona. Kugonga hakukukoma.

Jumatatu iliyopita nilikuwa uani naanika nguo. Niliporudi, Clive alikuwa peke yake zuliani, anacheka, ananyoosha mikono ukutani. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa ndani, na uani Thelma hakupita. Nikagusa matofali. Yalikuwa ya moto.