Sauti Zilizojaza Diski

Kompyuta ya Mutembei, mhudumu wa dirishani, ilikataa kusasishwa. Ilidai diski imejaa. Ntinyari, aliyetunza mashine zote za ofisi ya ushirika wa maziwa pale Kianjai, alishangaa, kwa kuwa Ijumaa alikuwa amefuta faili za zamani na kuiacha karibu tupu. Akafuta tena. Kabla ya chai ya asubuhi ikawa imejaa, na chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Alipotafuta kilichokula nafasi, alikuta faili moja kubwa ya sauti yenye jina la Mutembei. Kompyuta hiyo haikuwa hata na maikrofoni. Akaifungua, akasogeza sikio. Akamsikia Mutembei akikohoa, akiomba maji, akiomba tena kwa sauti inayofifia, kisha kimya. Mutembei mwenyewe alikuwa dirishani akihudumia wakulima, mzima, akicheka nao.

Kesho yake Mutembei alianguka hapo hapo dirishani, akaomba maji. Ntinyari ndiye aliyemshikia kikombe, akijua kila neno kabla halijatamkwa.

Baada ya mazishi, kompyuta ya Joyline, karani, nayo ikajaa. Ntinyari aliona faili yenye jina la mwenzake, akaifuta upesi bila kuisikiliza, akiamini anamwokoa. Joyline, aliyekuwa akiongea kwa simu meza ya pili, akanyamaza katikati ya neno. Midomo iliendelea kusonga. Sauti haikutoka, na haijatoka hadi leo.

Ndipo Ntinyari akamwita Pasta Kithinji, akamweleza yote kwa kunong'ona. Pasta aliweka mkono juu ya mashine akaomba, na alivyozidi kuomba ndivyo feni za kompyuta zilivyozidi kuvuma, zote kwa pamoja, kama umati wa watu wanaovuta pumzi bila kuitoa, na ile harufu ikawaingia puani na kooni mpaka wakatoka nje wakiyumba, wameshikana mikono.

"Sikifukuzi, Ntinyari," pasta alisema polepole. "Kinanirekodi."

Meneja akaamuru mashine zote zichomwe nyuma ya ofisi. Moto ukiwa bado unawaka, habari ikafika kwamba pasta amefia madhabahuni, katikati ya maombi.

Jumapili Ntinyari alikuwa jikoni akichambua maharagwe. Simu yake ikamwambia haiwezi kusasisha mfumo, nafasi imeisha. Ndani kulikuwa na faili moja ya sauti. Ilikuwa na jina la Kajuju, bintiye wa darasa la pili.

Akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta. Nje, Kajuju alikuwa akiimba wimbo wa kanisani huku akifukuza kuku.

"Mama," akaita, "umesikia vile nimeimba?"

"Nimesikia," Ntinyari akajibu. "Imba tena."

Mtoto akaimba tena, wimbo wote. Ulipoisha, Ntinyari akafumba macho na kubonyeza.

Simu ikaanza kusasisha mfumo, taratibu, kama simu yoyote. Kajuju akaja mlangoni, ameshika koo, na midomo yake ikatamka neno moja mara nyingi, bila sauti, mpaka mamake akalisoma: mama.