Mita Sita Hadi Tangi la Upanga

Maiti ya Ghanim ilikutwa saa kumi kasoro alasiri, kwenye uchochoro nyuma ya duka lake la vifaa vya upimaji, Kariakoo, adhana ikiwa ndiyo kwanza imekwisha. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa. Pantaleo, mfanyakazi wake, alikutwa amempakata, damu imemjaa mikononi. Alisema alimfungulia tajiri mlango wa paa, kisha akatumwa kahawa. Nani amwamini? Polisi walimwahi kabla watu hawajamchoma moto.

Kesho yake Inspekta Mektilda alikuwa bado hajaridhika. Asubuhi inayofuata Pantaleo angesomewa shtaka la mauaji, na mkewe mjamzito alikuwa kwenye benchi la kituo tangu jana, halii wala hali. Kule kutolia kulimnyima Mektilda raha kuliko kilio chochote.

Akapanda tena hadi ofisi ya Ghanim, ghorofa ya juu kabisa, akiwa na Asad, mdogo wa marehemu. Dirisha lilikuwa moja tu, la kioo cha giza kisichofunguka, na mchana wa nje ulionekana kama magharibi. Kelele zote za Kariakoo ziliishia hukohuko chini. Kofia ya marehemu ilikuwa bado imening'inia nyuma ya kiti, na wote wawili walikuwa wakikwepa kuitazama.

Asad alirudia maelezo yake bila kubabaika. Wakati wa adhana alikuwa kwenye kiti kile, akiongea kwa simu na Athanas, mpima ardhi wa Mtwara aliyetaka leza ya kupimia umbali mrefu, ya kuaminika. Duka lile halikupokea mali iliyokwisha kuuzwa, kwa hiyo Ghanim hakumuuzia mtu leza kabla ya kumpandisha juu ya paa, wakalenga tangi jeusi la maji lililo juu ya ghorofa moja la Upanga. Athanas alikuwa mbali, basi Asad akalenga kwa niaba yake na kumsomea namba: mita mia tisa arobaini na mbili. Athanas alikwisha kuthibitisha hayo kwa Mektilda, akilalamika kwamba adhana ilikaribia kuimeza sauti ya Asad.

"Uliisoma namba ukiwa wapi?" Mektilda aliuliza.

"Hapahapa nilipokaa, Afande. Kwa leza hii ya marehemu."

"Hebu nisomee na mimi."

Asad akaketi, akalenga tangi, akabonyeza. Akaikazia macho namba.

"Soma, bwana Asad."

"Sita."

Akafuta lenzi kwa shati, akabonyeza tena. Mita sita. Tangi lilionekana vizuri kule Upanga, na kati yao hapakuwa na kitu. Vinyweleo vilimsimama Mektilda, ingawa asubuhi ile, akiwa humo peke yake, alikuwa amekwisha kuipata namba hiyohiyo na nusura akiangushe kifaa.

"Amesimama pale," Asad alinong'ona. "Kaka amesimama pale mbele."

"Anataka nini?"

"Nilimsukuma mara moja tu."

Yakamtoka yote. Alikuwa ameingiza leza zilizoandikwa mita elfu moja na mia tano, kumbe zikivuka mia tano zinapofuka. Kule juu ya paa alimsomea Athanas namba kwa leza nzuri, ili amtumie mbovu. Ghanim alisikia, akaung'amua ujanja. Simu ilipokatwa alisema atampigia Athanas mwenyewe, kisha wateja wote waliokwisha kununua.

Mektilda akaenda dirishani, akakigonga kioo kwa kidole.

"Hakuna mtu. Leza imegonga hapa ikarudi. Tangi hulipati ukiwa humu, na adhana haifiki humu."

Asad alikitazama kile kioo, kisha akanyoosha mikono afungwe pingu.

Jioni Pantaleo alitoka mahabusu, na ndipo mkewe alipolia. Mektilda alirudi dukani kuchukua kielelezo, ile leza, akapanda nacho juu ya paa. Akalenga Upanga, kidole kikisita. Mia tisa arobaini na mbili. Akashusha pumzi, na akaona haya kwamba alikuwa ameizuia.