Ng'ombe wa Keji

Jumamosi hiyo soko la Arua lilikuwa limefurika. Wachuuzi wa Zaire walikuwa wamevuka mpaka na vitenge vyao, wanawake wa Koboko wameleta ufuta, na katikati ya makelele yote hayo Mariam Poni alikuwa ameinamia lundo la mitumba akitafuta shati jeupe. Akaliona moja la kola ngumu, kama halijawahi kuvaliwa. Akalivuta. Shati likagoma. Upande wa pili wa lundo mkono mwingine ulikuwa umelishika hilohilo.

"Dada, acha," alisema mwenye mkono. "Hii shati ya mwanaume."

"Imeandikwa wapi?"

"Angalia vifungo. Iko upande ya wanaume."

"Mimi nafunga vifungo upande yoyote. Wewe acha."

Alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, suruali ya kaki imenyooshwa kwa pasi mpaka mistari imesimama. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyejua kununa. Yeye naye alimtazama Poni: gauni la njano, hereni za fedha, kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa maringo. Mkono wake ukalegea wenyewe.

"Sawa, chukua. Lakini sema kwanza, wewe nakwenda kuvaa wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani?"

"Wewe askari? Sema jina kwanza."

"Wani. Nyumbani Midia, nauza spea ya baiskeli pale Koboko. Na wewe?"

"Poni. Nyumbani Dranya."

"Wallahi! Wote watu ya Koboko, na tunapigania shati huku Arua!"

Poni akacheka, na kucheka ndiko kulikomponza. Alimwambia anafanya kazi hotelini, akataja hoteli, akaishia hapo. Kazi yenyewe hakuwa akimwambia mtu. Baba yake, mzee Kamisi, mwanajeshi wa zamani aliyerudi kutoka ukimbizini Sudan akiwa mtu wa msikiti, aliamini kwamba binti yake anapika chai. Kumbe nyuma ya hoteli hiyo mwenye hoteli, Bwana Tahiru, alikuwa amefungua chumba cha kamari, na aliyesimama kila alasiri kwa shati jeupe akizungusha gurudumu la namba nyekundu na nyeusi, kipira kikirukaruka ndani yake, alikuwa Poni.

Jumamosi iliyofuata Wani alimkuta hapohapo, kati ya wauza dhahabu na wauza petroli ya magendo.

"Kumbe shati yangu inakula raha!" alisema.

"Hapa si mahali ya kusimama bure. Cheza au toka."

"Basi nacheza, ndiyo nipate kukuangalia."

Hakuwahi kucheza kamari maishani. Akaweka kidogo kwenye nyeusi, akashinda. Akaweka tena, akashinda. Safari ya tatu aliweka zote, na Poni, hereni ikimwasha, akajikuna sikio. Kipira kikalala kwenye nyeusi.

Poni aliwajua watu wa namna hiyo. Alikuwa amewaona wengi wakishinda siku ya kwanza na kutoka wakidhani wamepata elimu, kisha wakarudi kuirudisha elimu yote na nauli juu yake. Alijua. Ila jioni, walipokuwa wakinywa soda kibarazani, Wani alimwinamia akamnong'oneza, "Nimekuona. Ukishika sikio, nyeusi inakuja. Wewe ndiyo bahati yangu."

Angesema hapana, pasingekuwa na hadithi. Lakini ni msichana gani wa miaka ishirini na mbili anayekataa kuwa bahati ya kijana mzuri namna hiyo? Poni alitabasamu, akasema, "Labda."

Mapenzi yakawaka. Kila Jumamosi Wani alikuja na kitenge au chupa ya manukato, na katikati ya wiki alipiga simu kutoka posta ya Koboko, sauti yake ikijaa ofisi yote ya hoteli.

"Allo! Arua? Nataka Poni!"

"Ni mimi. Usipige kelele, nasikia."

"Nyuma yangu iko foleni ya watu, wote nasikiliza!"

"Basi sema polepole, mpenzi."

"Wazee yangu nakwenda kwa baba yako Ijumaa! Nataka kukuoa!"

Kabla Poni hajajibu, mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye foleni hiyo ya Koboko alipiga kigelegele. Poni alikisikia ndani ya simu, akaiweka chini akilia kwa furaha.

Mzee Kamisi alikubali. Mahari haikuwa na utata, kwa maana Wani alikuwa na ng'ombe wa dada yake. Ndivyo ilivyo kwao: dada akiolewa, ng'ombe wake humwolea kaka. Keji alikuwa ameolewa mwaka uliopita na mtu wa Kuluba aitwaye Jale, na kwa kuwa baba yao alikwishafariki, ng'ombe wote walikuwa mkononi mwa Wani. Wanne wakapelekwa Dranya kuwa kitangulizi. Waliobaki wangefuata baada ya mavuno.

Hapo sasa Wani akaingiwa na hesabu. Mbona asiuze fahali mmoja, acheze, anunue wawili? Akamwuza. Bahati ya siku ya kwanza haikuonekana. Akauza wa pili ili kumrudisha wa kwanza.

"Wani, acha," Poni alimwambia kibarazani, akichungulia asije Tahiru akasikia, maana mfanyakazi alikatazwa kuwashauri wachezaji. "Gurudumu haina akili. Haikumbuki kitu."

"Nyekundu imekuja mara sita! Lazima nyeusi inakuja."

"Nani amesema lazima? Kipira haijui kama ilikuja jana. Na wewe ukipoteza unaweka mara mbili. Wote naanguka hapo."

"Nikiacha sasa, fahali inakwenda bure. Narudisha ile tu, halafu naacha. Naapa, roho yangu."

Aliapa vizuri sana. Wiki mbili hakuonekana chumbani, Poni akaanza kulala usingizi. Wiki ya tatu akaingia na bahasha nene, macho mekundu, shati limetoka nje ya suruali. Ng'ombe wote waliobaki walikuwa ndani ya bahasha hiyo. Poni alitikisa kichwa kumkataza. Wani hakutazama kichwa, alikuwa akitazama masikio. Alingoja, akangoja, mizunguko ikapita bila yeye kuweka kitu. Tahiru akaingia, akasimama nyuma ya Poni. Jasho likamshuka Poni kutoka kwenye kitambaa, akalifuta shavuni na kando ya sikio.

Wani akamwaga zote kwenye nyeusi.

Ikaja nyekundu.

"Wewe ulishika sikio!" Alipiga kelele mpaka wauza dhahabu wakageuka. "Ulinionyesha! Wewe na tajiri yako mnakula mimi!"

"Wani, ilikuwa jasho! Mimi sijui namba, sijawahi kujua!"

"Ulisema wewe bahati yangu!"

Poni hakusema hivyo. Alisema labda. Lakini utamwelezaje mtu tofauti hiyo akiwa amesimama na bahasha tupu? Wani alitoka, na simu za Koboko zikakoma. Poni aliendelea kuzungusha gurudumu kwa hasira. Amenitukana mbele ya watu, alijiambia, basi abaki na hasara yake. Nafsini mwake alikuwa anamtamani, na kila simu ya ofisini ilipolia alikuwa wa kwanza kugeuka.

Aliyekuja siku moja asubuhi hakuwa Wani. Alikuwa mwanamke mwembamba, leso imevutwa kuficha nusu ya uso.

"Wewe ndiyo Poni?"

"Ndiyo, dada. Karibu."

"Mimi Keji. Nimekuja kuona mutu aliyekula ng'ombe yangu."

Akashusha leso. Jicho moja lilikuwa limevimba, limefunga kabisa.

"Jale alinipiga na mchi," alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya sokoni. "Si mara ya kwanza. Nilikimbia kwa kaka yangu, nikasema rudisha ng'ombe ya watu, mimi nirudi nyumbani. Akakaa chini akalia. Akasema ng'ombe iko Arua, kwa gurudumu. Bila ng'ombe, wazee ya Jale nakuja kunichukua tena, na kaka hawezi kukataa."

Poni alilitazama jicho hilo. Muda wote huo alikuwa amewaita ng'ombe wa Wani, tena wakati mwingine ng'ombe wangu. Hakuwahi kuwafikiria kuwa ni mlango wa mtu wa kutokea.

"Wanne iko kwa baba yangu," alisema mwishowe.

"Ile ni mahari yako."

"Najua, Keji. Ngoja nibadilishe nguo."

Hakumuaga Tahiru. Aliliacha shati jeupe kwenye msumari, na kufikia adhuhuri alikuwa amepiga magoti mbele ya baba yake huko Dranya. Akasema yote. Kamari. Gurudumu. Keji na jicho lake. Mzee Kamisi alimsikiliza bila kupepesa macho.

"Ile sukari ulikuwa unaniletea," alisema. "Ilitoka kwa kamari, na mimi nakunywa nakwenda kuswali?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

Mzee aligeuka akatazama boma.

"Sikia. Ng'ombe hii ikitoka kwa boma yangu, wewe si mke ya mutu. Mwingine akija na ng'ombe, mimi nampokea. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Unampenda huyo kijana?"

"Nampenda, baba. Sana."

"Na bado unataka?"

"Keji yuko na jicho moja sasa."

Mzee akainuka kwa shida, akafungua boma mwenyewe, akampa fimbo.

Watu wa mji wa Koboko walishangaa siku hiyo. Binti aliyevaa gauni la mjini na viatu vya kisigino alipita barabara kuu akiswaga ng'ombe wanne, huku akimkemea mmoja aliyetaka kula mihogo ya mchuuzi. Wani aliwatambua ng'ombe kabla ya kumtambua mwenye fimbo. Akaliacha duka lake wazi, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko.

"Poni! Wewe nawapeleka wapi?"

"Kuluba. Keji ametangulia kuchukua vitu yake."

Alielewa. Uso wake ukavunjika, akalia hadharani, mtu mzima, na watu wakimtazama.

"Basi sisi imekwisha?"

"Imekwisha."

"Mimi nilisema wewe uliniuza. Nilikuwa najua si kweli. Nilitaka tu kosa iwe ya mutu mwingine."

"Na mimi nilisema labda, Wani. Nilipenda kuitwa bahati yako. Ningesema hapana, labda ungeacha, labda ungenichukia. Niliogopa." Akafuta machozi kwa kiganja. "Nakupenda, mjinga wewe. Shika hii fimbo, viatu vinaniua."

Wakaenda pamoja. Njia nzima waliwaswaga ng'ombe ambao wangewaoza, wakizungumza mambo madogo: mvua, bei ya tumbaku, mguu wa ng'ombe mwekundu uliokuwa unachechemea. Mara mbili Wani alicheka, mara mbili akanyamaza ghafla.

Huko Kuluba baba yake Jale aliwapapasa ng'ombe mmoja mmoja, mgongo kwa mgongo. Jale alisimama pembeni, mikono kifuani.

"Hii nne inatosha msichana kutoka," alisema mzee huyo. "Zilizobaki iko kwa shingo yako, Wani. Ukichelewa, naita wazee."

"Nitaleta, baba."

Keji alitoka ndani na furushi lake na sufuria. Alimpita kaka yake bila kumtazama, kisha akasimama, akarudi hatua moja, akamsukumia sufuria aibebe.

Njia panda ya Dranya ndipo walipoachana. Wani alisimama na sufuria ya dada yake chini ya kwapa.

"Nitalipa ya Jale kwanza," alisema. "Halafu nitatafuta yako. Nakuahidi, Poni, haki ya..."

"Usiniahidi. Ahadi zako nimezisikia mpaka nimechoka. Ukipata, njoo."

"Na mwingine akitangulia?"

"Baba amesema atampokea."

"Na wewe?"

Poni alimtazama. Alitaka kusema nitakungoja. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, tamu, jepesi, tena lingemfurahisha Wani sana.

"Sijui," alisema. "Hiyo ndiyo kweli, Wani. Sijui."

Wani alikubali kwa kichwa. Kisha Poni akavua viatu, akavishika mkononi, akashika njia ya kwa baba yake.