Meli ya Chokaa Iliyomzamisha Saidi

Ndugu wasomaji, naitwa Hamisi, nina miaka ishirini na tisa, Mmakonde wa Newala, mhitimu wa masomo ya jioni kwa kibatari kilichonijaza masizi puani hadi leo. Napenda kucheka. Lakini mkasa huu ulinikausha kicheko...

Niliishi Lisekese, pale Masasi, na mama na mdogo wangu Saidi. Wakaja Masasi Waingereza wa jeshi la majini. Walikuwa na meli ya kupelekea manowari vyakula na mafuta, wakitaka kupanga namna ya kuihudumia helikopta juu yake: itue wapi, ilale wapi, mafuta yakae wapi. Basi wakaichora meli nzima kwa chokaa uwanjani, na bahari iko mbali hata harufu yake hatuipati! Ukisimama nyuma, mtu wa mbele ulimwona kama sisimizi. Kando ya duara la kutua helikopta wakasimamisha hema kubwa kwa magogo, likawa banda la helikopta.

Mimi nikaajiriwa mkalimani, Saidi mshika kamba za hema. Mtunza kamba alikuwa Gervas, Mngoni wa Songea, mtani wetu.

Jioni moja akaja nyumbani, mama anapepeta mtama.

"Shikamoo, Mama Hamisi. Sanda ya Saidi umeshanunua? Lile hema litamwangukia, nami nautaka ubwabwa wa msiba."

Mama akamrushia konzi ya pumba. "Marahaba, mjukuu wa wanyang'anyi. Shukuru ni pumba, kwetu Newala maji ni ya shida, hatuyapotezi kwa Mngoni."

Tulicheka mbavu nusura zivunjike. Kesho yake akarudia uwanjani, mbele ya watu. Mwenyewe hakucheka... Nani angemuuliza? Mtani akikuombea kifo, unamwombea kipindupindu, mnagawana tumbaku, yamekwisha.

Siku ya majaribio helikopta ikatokea upande wa majabali. Chokaa ikapaa, meli yote ikapotea machoni. Upepo ukaingia chini ya turubai, hema likavimba, kamba zikakatika... Gogo la katikati likamwangukia Saidi. Nilipomfikia alikuwa mweupe pe kwa chokaa, kama aliyekwisha kuvikwa sanda.

Msibani tulimngoja Gervas. Mtani ndiye humkejeli marehemu, akalala hata kaburini akidai apewe kitu, wafiwa wapumue. Akaja, akaketi mbali, kichwa chini.

"Mngoni," mama akamwita, "njoo umtukane mwenzako."

Hakuweza. Ndipo akasema kwamba kamba zilikuwa zimeoza. Alimweleza msimamizi, akaambiwa anyamaze au arudi kwao.

"Nikawaambia kwa utani, Mama. Nilidhani mtaelewa."

"Mimi nilikurushia pumba," mama akamjibu. "Wewe ungenirushia neno moja la kweli."

Mvua imekwisha kuiosha chokaa yote, lakini mama akifika uwanja ule huuzunguka kwa pembeni, kana kwamba meli bado ipo.

Wasomaji wenzangu, mtani akirudia mzaha bila kucheka, mshike mkono umuulize. Nawe unayekijua kitakachomuua mtu, nakusihi, usikivike kichekesho. Kiseme kikiwa uchi, hata kama kibarua kitaota nyasi.