Kaka Aliniambia: Wimbo Ukiisha, Zima

Nilifungua mlango nikamkuta kaka yangu anauvuta utepe wa sauti ya mama kutoka kwenye kanda yake, kama mtu anayenyonyoa kuku!

"Kaka! Unafanya nini?!"

"Wimbo si umeshauhamisha? Basi. Kanda haina kazi tena."

Nikakimbilia kompyuta... Rekodi nzima, hakuna! Kafuta!

Jamani, ngojeni niwaeleze huyu ni mtu wa aina gani.

Mtaani wanamwita Maestro. Suti nyeupe, miwani nyeusi hata akiwa sebuleni, sijui jua lake linachomoza kabatini. Maisha yake yote ana wimbo mmoja tu, ule unaopigwa kila harusi bibi harusi akiagwa. Anajiita mtunzi wake.

Anayesikika akiimba ni mama yetu. Na mama tangu apate kiharusi hasemi. Hata maji anaomba kwa kidole.

Sasa mtangazaji wa redio alikuwa anakuja nyumbani kumhoji Maestro kuhusu "kipaji chake". Juzi akaniletea kanda yenyewe, zile ndogo za dijitali za zamani, pamoja na deki ya kuazima.

"Nihamishie kwenye kompyuta yako. Lakini sikiliza, mdogo wangu. Wimbo ukiisha, zima."

"Kwa nini?"

"Zima tu! Mbele hakuna kitu."

Kanda hizi hazina njia ya mkato. Inacheza yenyewe mwanzo mpaka mwisho, na kompyuta inanasa pole pole. Mama kalala chumbani kwake, mimi nikavaa spika za masikioni nikawa napiga pasi. Wimbo ukaisha... nikasahau kuzima.

Kimya kirefu.

Kisha sauti ya mama, nzima, ya kabla hajaugua! Pasi nusura iniponyoke.

"Si hivyo, mwanangu. Nimeutunga mwenyewe, nikufundishe mara ngapi?"

Na sauti ya kaka, bado kijana, inabembeleza:

"Mama, waambie watu nimeutunga mimi. Bendi itanichukua."

"Ndicho unachotaka?"

"Mama, wewe jina la nini? Uko jikoni tu."

Nikaizima pasi nisikie vizuri.

Mama akasema: "Haya, sema ni wako. Ila ubeti wa mwisho sikupi. Huo nabaki nao."

Kwa hasira nikampigia kaka simu palepale. "Maestro! Nimesikia yaliyo baada ya kimya!"

Akakata simu. Alisubiri asubuhi niende kumnunulia mama dawa, ndiyo akaingia. Kuhamisha kanda hajui, lakini kukata na kufuta anajua! Watu wa namna yake kufuta ndiyo fani yao. Akabakiza wimbo tu, kwenye flashi yake.

"Nenda kamwambie mtangazaji," akacheka. "Ushahidi uko wapi? Mama atakusemea?"

Mtu mzima ovyo!

Mtangazaji akafika. Maestro kakunja nne, anaeleza alivyokesha akitunga, "moyo ukivuja damu". Nikamkatiza:

"Mwongo! Wimbo ni wa mama!"

"Msamehe mdogo wangu," akasema kwa upole wa kununua. "Wivu."

Mtangazaji akanitazama kwa huruma. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama kwenye kiti chake ananitazama tu, na mimi sina hata sekunde moja ya sauti yake ya kumtetea.

"Tuusikilize basi," mtangazaji akasema.

Flashi ikachomekwa. Wimbo ukapigwa, ukaisha. Kaka akanyoosha mkono haraka kuzima.

Lakini sauti haikuisha...

Ilitoka kwenye kiti cha mama!

Mama asiyeweza kutamka "maji" alikuwa anaimba, kwa mahadhi yaleyale ya wimbo! Sauti nyembamba, inakwaruza, lakini maneno yote yamenyooka:

*Kula changu, vaa changu, mwanangu sikukatai,*
*Jina langu usivae, halikutoshi mwilini.*

Mimi nalia. Mtangazaji mdomo wazi. Kinasa sauti chake kinawaka taa nyekundu, kimenasa kila neno.

"Maestro," akauliza taratibu, "ubeti huu mbona hujawahi kuuimba?"

"Huo... eeh... niliusahau."

"Umesahau wimbo wako, mgonjwa akaukumbuka?"

Miwani ikavuliwa. Kumbe jamaa ana macho! Akaokota flashi yake, akatoka bila kuaga.

Baadaye daktari alinieleza kwamba wapo wagonjwa wa kiharusi wanaopoteza maneno lakini nyimbo zikabaki. Sisi hatukujua, kwa sababu tangu mama augue hakuna aliyewahi kumpigia wimbo wake. Wala mimi.

Kipindi kilipotangazwa redioni, jina lililosomwa lilikuwa la mama. Alinyanyua kidole. Nikadhani anataka maji, nikainuka. Akatikisa kichwa, akaionyesha redio.

Alitaka wasome tena.

Enyi mnaoishi kwa jasho la mama zenu, njia ya mwongo ni fupi. Na ukishaiba wimbo, walau uwe umeujua wote.