Pua ya Gari la Marehemu Saadi

Kila asubuhi Twahira alipeleka maziwa mjini kutoka Moshono, kwa gari la marehemu mumewe, Saadi. Tasbihi ya Saadi ilikuwa bado inaning'inia kwenye kioo.

Siku moja gari lilichemsha mlimani. Fundi Sifaeli, jirani yake, alibadilisha gasketi inayozuia maji yasipenye ndani ya injini. Lakini tangu hapo gari lilikula petroli na kutoa moshi mweusi. Taa ya injini mbele ya usukani ikawaka. Sifaeli akaifunika kwa plasta.

"Mama, injini imekwisha. Liuze kama chuma chakavu."

Twahira hakulala. Kesho yake akaenda mtaa wa Sokon One, gereji ya fundi Nancy.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa injini imekufa."

"Aliipima kwa kifaa gani?"

"Aliisikiliza."

Nancy akacheka. "Mbona mimi nikisikiliza sufuria sijui kama chumvi imekolea?"

Akachomeka kifaa cha kupimia. "Kinataja sensa ya oksijeni. Iko kwenye bomba la moshi. Ni pua ya gari. Inanusa moshi, kisha kompyuta ya gari inapanga kiasi cha petroli."

"Basi tununue mpya!"

"Taratibu, mama. Kifaa kinatuonyesha pa kuanzia tu."

Akakagua nyaya. Hazikuwa zimeungua. Akawasha injini mpaka ikapata moto. "Namba hizi kwenye kifaa zinatakiwa kupanda na kushuka. Zimeganda chini. Kompyuta inadhani petroli haitoshi, inazidisha."

Bomba lilipopoa, akaifungua sensa. Ncha yake ilikuwa na utando mweupe.

"Gari lilipochemsha, gasketi iliharibika. Maji ya rejeta yenye dawa yakapenya hadi kwenye moshi. Pua ikaziba."

"Haisafishwi?"

"Hapana. Lakini kwanza nihakikishe maji hayavuji tena. Yakivuja, hata mpya itakufa."

Akapima presha ya rejeta. Mshale haukushuka.

"Gasketi iko salama. Sifaeli alifunga vizuri, tusimnyime haki yake."

Twahira akashusha pumzi. "Kwa hiyo siliuzi?"

"Uuze nini, mama? Injini nzima hii!"

Nancy akafunga sensa mpya, akafuta hitilafu kwa kifaa chake, akawasha injini. Twahira akabandua plasta kwa mkono wake. Chini yake, taa ilikuwa imezimika.

"Ikiwaka tena?" Nancy akauliza.

"Nakuja. Sifuniki."

Twahira akapanda mlima wa Moshono. Mshale wa joto ulitulia katikati. Akatazama kioo: nyuma hapakuwa na moshi, ilikuwa barabara tu. Tasbihi ikayumba polepole.

"Alhamdulillahi," akasema. "Saadi, tumefika."