Unga Usioanikwa

Jumatatu moja ya Machi 2016, saa moja asubuhi, mafuta ya makadamia katika kiwanda kimoja cha Runyenjes yalikataa kuganda. Yalikuwa yamepigwa gesi ya hidrojeni tangu Jumapili mchana, na bado yalikuwa maji. Kufikia saa tatu bawabu Ireri alikuwa korokoroni, akidaiwa na meneja kuiba paladiamu, unga mweusi wa thamani unaoyagandisha mafuta hayo.

Sajini Ciakuthii alianza na Felicitas, mfanyakazi wa chujio la kuutoa unga huo kwenye mafuta.

"Pengine unga umechoka tu?"

"Tunautumia tena na tena, afande, na unachoka. Lakini pole pole. Hii imekufa siku moja! Angalia, ni makaa ya jikoni imesagwa."

"Mnauwekaje?"

"Kwa maji. Ikikauka inashika moto yenyewe. Muulize Ireri, ilimchoma mwaka juzi."

Korokoroni, Ireri alikunja mkono wa shati. Kovu lilitoka kifundoni hadi kiwikoni.

"Hiyo kitu siwezi kuikaribia, afande. Nisafishie jina leo. Nikisomewa mashtaka kesho, watu wa kwetu hawatangoja hukumu."

Meneja Mwirigi, mwenye miezi minane kazini, alikuwa na bandeji kiganjani.

"Ekzosi ya pikipiki," alisema.

Sajini hakumbishia. Bomba la moshi la pikipiki huchoma mguu. Nani huishika kwa kiganja?

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mwirigi iliishia nyumbani kwake, nyuma ya jiko. Saa nane sajini alikuta kitanda cha kuanikia kahawa kimetobolewa na moto, na msimu wa kahawa ulikwisha Januari. Chini yake palikuwa na debe la majivu.

"Uliuanika," alimwambia.

Mwirigi aliinamisha kichwa. "Mnunuzi alikataa mzigo wenye maji. Na huku kwetu kila kitu huanikwa, afande. Kahawa, mahindi, maharagwe…"

"Na mzee wa watu ulimsingizia kwa nini?"

"Hana mtu mkubwa wa kumtetea. Nilitaka gari kama wenzangu."

Ciakuthii alitamani kumzaba kofi. Alimtia pingu.

Saa kumi na moja alimrudisha Ireri nyumbani mwenyewe. Mikadamia yake yote, ishirini na miwili, ilikuwa imelala chini. Wenzake wa kiwandani, waliokuwa wameambiwa kazi imekwisha kwa sababu yake, walikuwa bado wameshika mapanga.

"Pole, mzee," alisema mmoja wao, Bundi. "Tulidhani ni wewe."

Ireri aligusa kisiki kilichokuwa bado kinatoa utomvu.

"Makadamia inazaa baada ya miaka saba," alisema. "Mimi niko na sitini na nane."